Matia Mulumba, Mume Aliyechekwa kwa Sababu ya Nyumba Yake



Kila mwaka, mwezi wa Mei ukikaribia kwisha, katika parokia zetu za Meru na Embu kuna watu wanaofunga mizigo ya safari. Wanakwenda kuhiji Namugongo, nchini Uganda, ili wawe huko tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wakirudi hutusimulia habari za Mtakatifu Karoli Lwanga na wale vijana wa ikulu waliochomwa moto pamoja naye. Husimulia habari za Kizito, aliyekuwa mdogo wao. Basi wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba mashahidi wote walikuwa vijana, watu wasio na nyumba, wasiojua bei ya unga wala homa ya mtoto usiku wa manane.

Sivyo ilivyokuwa. Kati ya wale mashahidi 22 Wakatoliki walikuwamo pia wanaume watu wazima wenye miji yao. Mmoja wao ni Matia Mulumba, ambaye pia huitwa Kalemba. Alipouawa alikuwa na umri wa miaka kama 50, mume wa mke mmoja na baba wa watoto. Huko Uganda anaheshimiwa kama msimamizi wa machifu na wa familia. Katika ukurasa huu wa ndoa tuyatazame maisha yake, hasa jinsi alivyoishi nyumbani. Ujasiri aliouonyesha siku ya mwisho haukumshukia ghafla kama mvua ya Aprili. Alikuwa ameukusanya kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa, katika sala na kazi za kila siku.

MTOTO ALIYETEKWA

Mulumba hakuwa Mganda wa kuzaliwa. Alizaliwa sehemu za Bunya katika nchi ya Busoga, mashariki ya mto Nile, yapata mwaka 1836. Akiwa bado mtoto, wavamizi kutoka Buganda walishambulia kwao, wakamteka yeye pamoja na mama yake. Akauzwa. Hivyo maisha yake yalianza kwa msiba ambao ungeweza kumfanya mtu awe na uchungu moyoni hadi kaburini.

Lakini Mungu alimtayarishia njia. Mtu aliyemnunua, jina lake Magatto, alikuwa na moyo mwema. Hakumweka kama mtumwa, bali alimlea kama mtoto wa nyumbani na wa ukoo wake. Mzee huyo alipofariki, Mulumba alibaki kwanza kwa ndugu ya marehemu, kisha akaenda kumtumikia chifu mkubwa wa Ssingo, magharibi ya mji wa Kabaka. Kwa sababu alikuwa mwenye nguvu, mchangamfu na mwaminifu, alipanda cheo upesi. Akawa msimamizi wa watumishi wote wa chifu huyo, na jina la Mulumba lilitokana na cheo hicho.

Kama desturi ya wakubwa wa siku zile, alioa wake kadhaa. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Mtu wa cheo chake mwenye mke mmoja tu angeonekana maskini, au mgonjwa, au mtu asiye na akili.

ALITAFUTA MUNGU KWA MIAKA MINGI

Mulumba alikumbuka neno moja la baba yake aliyemlea. Mzee huyo aliamini kwamba watu wa Buganda walikuwa bado hawajaufikia ukweli, na kabla ya kufa alimwambia mwanawe kwamba siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Tazameni, wazazi wenzangu, jinsi neno la baba linavyoweza kukaa ndani ya mtoto. Magatto hakuwa Mkristo, wala hakuishi kuona Ukristo ukiingia Buganda, lakini alimwachia mtoto wake kiu ya Mungu.

Kwa sababu ya kiu hiyo Mulumba hakukaa kitako. Kwanza alifuata mafundisho ya Waislamu, waliofika Buganda mapema kuliko wamisionari. Baadaye akajifunza kwa Waprotestanti, ambao mwalimu wao mkuu alikuwa Mackay. Mwezi wa Februari 1879 Mapadre Weupe wa kwanza wakafika Buganda, Padre Lourdel, ambaye watu walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans. Mulumba akawakaribia, akawasikiliza, akawachunguza maisha yao. Tarehe 31 Mei 1880 aliandikwa kuwa mkatekumeni.

Alijifunza miaka miwili. Tarehe 28 Mei 1882, iliyokuwa Jumapili ya Pentekoste, alibatizwa na Padre Girault, akapewa jina la Matia. Alikuwa na miaka zaidi ya 40. Habari hii iwatie moyo wale miongoni mwetu walioingia mafundisho wakiwa watu wazima, ambao huona haya kukaa benchi moja na watoto. Mtu mwenye cheo, mwenye ndevu zake, alikaa kufundishwa sala ya Baba Yetu kama mtoto.

UAMUZI MGUMU NYUMBANI

Hapa ndipo habari yake inapotugusa sisi wenye ndoa.

Kabla ya ubatizo Mulumba alijua kwamba lazima apange upya nyumba yake. Alichagua kuishi na mke mmoja, jina lake Kikuvwa. Wale wengine aliwaacha, lakini hakuwafukuza kama mtu anavyofukuza mbuzi shambani. Aliwatafutia mahali pa kukaa na riziki ya kuwatunza. Hata watumwa aliokuwa nao aliwapa uhuru wao.

Jambo hili lilikuwa zito kuliko tunavyodhani. Wake wengi walikuwa ndio shamba, jiko, heshima na usalama wa mwanamume. Ndio waliolima migomba, na katika Buganda mgomba ndio chakula. Aliyeacha wake aliacha pia sehemu kubwa ya utajiri wake na ya sauti yake mbele ya wazee wenzake. Mulumba alikubali hasara hiyo akiwa na macho mawazi, kwa sababu alikuwa amepata kitu alichokiona ni cha thamani kuliko mifugo na sifa.

Wapendwa, wengi wetu hapa Meru na Embu tuna mke mmoja kwa cheti cha kanisa. Lakini tukiwa wakweli tutakiri kwamba yule mke wa pili haji tena na mahari na mbuzi wa wazee. Siku hizi huja kwa siri. Hukaa mjini katika chumba cha kupanga, au hukaa ndani ya simu. Pesa za bonasi ya majani chai hufika huko kabla hazijafika nyumbani. Mama watoto hugundua siku ya karo. Mtu wa namna hii huenda hana wake wengi machoni pa watu, lakini moyo wake umegawanyika kuliko wa chifu wa zamani aliyewaweka wake zake wazi.

Tena wako ndugu zetu ambao kweli wana nyumba mbili kwa mila, na wanatamani kurudi kwenye Sakramenti. Tusiwahukumu. Wala wasikimbilie kumtupa mama mwenye watoto barabarani kwa jina la dini. Mulumba alijali riziki ya wale aliowaacha. Mwenye shida hii amwone Padre Paroko, aeleze yote, asaidiwe hatua kwa hatua kulingana na haki na huruma.

KAZI YA MIKONO

Baada ya ubatizo Mulumba aliendelea kumtumikia chifu wake kwa uaminifu, lakini palikuwa na kazi moja iliyomsumbua dhamiri. Siku zile wakubwa wa Buganda walitajirika kwa vita vya uvamizi. Waliwavamia majirani, wakateka ng'ombe, wanawake na watoto. Yeye mwenyewe alikuwa ametekwa hivyo akiwa mdogo. Alikataa kuchukua nyara. Badala yake alijipatia riziki kwa kufinyanga vyungu na kutengeneza ngozi.

Hebu tumtazame mtu yule mrefu, mwenye nguvu, msimamizi wa watumishi, akiwa ameketi chini na udongo mikononi. Watu walimshangaa. Angeweza kupata ng'ombe kumi kwa safari moja ya vita, naye yuko pale anafinyanga chungu cha kupikia ndizi. Lakini chungu kile kilikuwa safi mbele ya Mungu. Chakula alichowalisha Kikuvwa na watoto hakikuwa na machozi ya mama wa mtu mwingine.

Sala na riziki vinakwenda pamoja. Mtu anayepunja uzito wa kahawa kwenye mizani, au anayeuza kipande cha shamba bila mkewe kujua, atapata taabu kupiga magoti naye jioni. Maneno ya sala yatamkwama kooni. Wengi wanaolalamika kwamba hawawezi kusali pamoja nyumbani, tatizo lao haliko katika sala. Liko katika jambo fulani ambalo mmoja anamficha mwenzake. Likiondolewa hilo, sala itatoka yenyewe.

MIAKA MITATU BILA PADRE

Mwezi wa Novemba 1882, miezi michache tu baada ya Mulumba kubatizwa, wamisionari waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakaenda kukaa kusini ya ziwa Nyanza. Hawakurudi hadi katikati ya mwaka 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala padre wa kumtembelea mgonjwa.

Mtu angedhani kwamba dini ile changa ingekufa kama mche wa kahawa wakati wa kiangazi. Badala yake ilikua. Pale Mityana, katika nchi ya Ssingo, Mulumba na rafiki yake Luka Banabakintu waliwakusanya watu nyumbani, wakasali pamoja, wakawafundisha. Mfinyanzi mwingine, Noa Mawaggali, alikuwa pamoja nao. Majirani walikuja, wakaleta jamaa zao. Kufikia mwaka 1886 jumuiya ya Mityana ilikuwa imefika watu karibu 200. Haikuanzishwa na padre, bali na waumini waliokuwa wamebatizwa juzi tu.

Wamisionari waliporudi, Wakristo wa Mityana walikuwa na kazi ya kufika kwenye Misa. Kutoka Mityana hadi misioni iliyokuwa karibu na mji wa Kabaka ni zaidi ya kilomita 60. Hapakuwa na gari wala pikipiki. Ni kama mtu aondoke Embu kwa miguu, asali Misa Chuka, na bado aendelee mbele, kisha arudi. Hawakuweza kwenda wote kila wiki, maana nyumba haziwezi kuachwa bila mtu. Basi walikwenda kwa zamu. Waliofika kwenye Misa walisikiliza kwa makini, na wakirudi waliwasimulia waliobaki yote waliyofundishwa.

Desturi hiyo ingefaa sana ndani ya nyumba zetu. Mara nyingi Jumapili mmoja hubaki nyumbani. Mtoto ana surua, au ng'ombe anataka kuzaa, au mama mkwe ni mgonjwa na hawezi kuachwa peke yake. Yule aliyekwenda Misa akirudi huulizwa tu nani alionekana kanisani, na harambee ilipata kiasi gani. Kwa nini asikae dakika tano na mwenzake amwambie Injili ilisema nini na padre aliifafanua vipi? Kwa njia hiyo aliyebaki na mgonjwa naye anapata sehemu yake. Tena aliyekwenda atasikiliza vizuri zaidi, akijua kwamba nyumbani kuna mtu anayengoja habari.

Mulumba pia hakungoja kanisa ndipo aongee habari za Mungu. Husimuliwa kwamba alikuwa akimsindikiza chifu wake njiani kama mwenye haja fulani, ili wakiwa wanatembea apate nafasi ya kumweleza dini. Alitumia njia, jiko, na udongo wa vyungu. Maisha ya siku za kazi ndiyo yaliyokuwa kanisa lake.

SIKU YA KUHUKUMIWA

Kabaka Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akashika kiti. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Wakristo, baadaye akawachukia. Tarehe 15 Novemba 1885 aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe auawe, kwa kuwa alimkanya juu ya mabaya yake. Mwishoni mwa Mei 1886 hasira yake ikalipuka tena. Vijana wa ikulu wakakamatwa, na Wakristo wa nje wakaanza kusakwa. Andrea Kaggwa, mume na mwalimu wa dini, aliuawa tarehe 26 Mei.

Mulumba na Luka walikamatwa siku hizo hizo, wakafungwa miguu usiku kucha, na tarehe 27 Mei wakaletwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka.

Wapendwa, angalieni vizuri jambo alilohukumiwa kwalo. Katikiro alimwuliza kwanza kama yeye ndiye Mulumba, na kwa nini anasali. Mulumba alikubali kwamba ndiye, na kwamba anasali kwa kuwa anataka kusali. Ndipo Katikiro akageukia habari za nyumba yake. Alimdhihaki kwamba amewafukuza wake zake, basi bila shaka sasa anajipikia mwenyewe chakula. Mbele ya mkutano wa wakubwa hakuna dhihaka iliyouma kuliko hiyo. Mwanamume wa cheo chake, mtu mzima, anaambiwa hadharani kwamba anakaa jikoni kama asiye mwanamume.

Mulumba hakupaza sauti, wala hakujitetea kwa kutaja cheo chake. Alimwuliza tu Katikiro kama ameletwa mbele yake kwa sababu amekonda au kwa sababu ya dini yake. Kwa jibu hilo dogo alionyesha kwamba dhihaka ile haikumfika moyoni. Alikuwa ameisikia mara nyingi kabla ya siku ile. Bila shaka aliisikia kwa wenzake njiani, akaisikia alipokuwa akifinyanga. Aliyezoea kuchekwa na majirani kwa sababu ya mke wake mmoja hakuogopa kuchekwa na Katikiro.

Tuseme ukweli juu ya kwetu. Wanaume wengi wa Meru na Embu si wabaya. Wanawapenda wake zao na wangependa kusali nao. Linalowazuia ni aibu. Mume akionekana amebeba mtoto mgongoni wakati mkewe anachuma majani chai, wenzake wataanza kunong'ona kwamba amekaliwa, au amelishwa dawa. Akiacha kukaa na wenzake kwenye miraa au muguka hadi usiku ili awahi sala nyumbani, ataulizwa kama anaogopa kuchapwa. Akienda kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo atakuta akina mama kumi na tano na mzee mmoja, naye wiki ijayo hataonekana. Hivyo ndivyo sala ilivyoachiwa wanawake katika nyumba nyingi.

Mtakatifu Matia alichekwa kwa jambo hilo hilo. Mke mmoja na kazi za nyumbani vilikuwa mzaha wa kwanza katika hukumu yake. Basi, baba unayechekwa sokoni au kwenye kituo cha majani chai, jua kwamba una mwenzako mbinguni aliyelivumilia hilo kabla yako.

KIFO CHAKE

Katikiro aliamuru wapelekwe Namugongo kuuawa. Luka Banabakintu alifikishwa huko, akachomwa moto pamoja na wenzake tarehe 3 Juni. Mulumba alipofika mahali panapoitwa leo Old Kampala aliwaambia wauaji kwamba hakuna haja ya kwenda mbali, wamwue hapo hapo. Wakamkata mikono na miguu, wakamtesa kwa moto, wakaziba mishipa ya damu ili asife upesi, kisha wakamwacha peke yake.

Aliishi hivyo tangu tarehe 27 hadi tarehe 30 Mei. Watu waliokuwa wakikata matete karibu na pale walisikia sauti ikiomba maji. Walipoona hali yake waliogopa, wakakimbia. Akafa bila padre, bila jirani, bila mke wake kumshika kichwa. Siku iliyofuata, tarehe 31 Mei, Noa Mawaggali naye akauawa kule Mityana.

Ni jambo la kusikitisha kwa macho ya kibinadamu, wala tusilipambe. Kikuvwa aliachwa mjane na watoto wadogo, katika nchi ambayo mumewe alihesabiwa kuwa mhalifu. Mwenye kusali hapati ahadi ya kuepushwa na mateso. Mulumba alisali, na bado alikatwa. Alichopata ni kubaki mtu yule yule hadi mwisho, mwenye moyo ule ule alioufinyanga kwa miaka minne tangu ubatizo wake.

MATUNDA YAKE

Miaka 34 baadaye, tarehe 6 Juni 1920, Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi 22 kuwa Wenye Heri. Tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo wa 6 aliwatangaza kuwa Watakatifu. Papa huyo alikuja mwenyewe Uganda mwaka 1969, akafuatwa na Yohane Paulo wa 2 mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015. Leo pale Old Kampala kuna kanisa lenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba, na Mityana ni kiti cha jimbo la Kiyinda-Mityana.

Mbegu hiyo haikubaki Uganda. Wamisionari wa Consolata walifika nchini Kenya mwaka 1902, miaka 16 tu baada ya mashahidi, na habari za imani zikapanda hadi kwenye miteremko ya mlima wetu. Nako kwetu zilienezwa sana na makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wengi wao wakiwa wanaume wenye wake na mashamba kama Mulumba. Jimbo la Embu lilizaliwa kutoka jimbo la Meru mwaka 1986, mwaka uleule mashahidi walipotimiza miaka 100. Sisi ni matunda ya jasho la watu wenye ndoa, na tusilisahau hilo.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Wapendwa wanandoa, hatuhitaji kungoja siku ya Katikiro. Tunaweza kuanza leo jioni kwa mambo madogo.

Kwanza, chagueni wakati mmoja wa kusali pamoja, hata kama ni dakika tano. Wengine hupata nafasi alfajiri kabla ya kwenda kuchuma majani chai au kukama ng'ombe. Wengine huona jioni ni bora, baada ya chakula, kabla watoto hawajasinzia. Redio na simu ziwekwe kando. Kumi moja la Rozari linalosaliwa kila siku lina faida kuliko Rozari nzima inayosaliwa mara moja kwa mwaka wakati wa matanga.

Pili, baba na aanzishe sala mwenyewe, asimwachie mama kila mara. Sauti ya baba ikitaja jina la Yesu hukaa kwa mtoto kama neno la Magatto lilivyokaa kwa Mulumba. Kama baba bado hataki, mama asimwaibishe mbele ya watoto. Asali na watoto kwa upole, amtaje baba yao kwa heshima katika maombi, na amwachie nafasi yake pale mezani.

Tatu, kabla ya sala kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja lililomlemea siku hiyo. Labda ni deni la dukani, au neno la shemeji, au kijana aliyeacha shule. Kisha jambo hilo liombewe kwa jina lake. Wanandoa wakiombeana hivyo huwa vigumu kwao kulala wamegeuziana migongo.

Nne, msiogope kuchekwa. Mkicheka wenyewe pamoja juu ya maneno ya majirani, maneno hayo yatapoteza nguvu. Na baba akisikia rafiki yake anadhihakiwa kwa kumsaidia mkewe, amtetee. Mulumba alikuwa na Luka. Kila mume anahitaji mwenzake mmoja wa kumtia moyo.

MASWALI YA KUJADILIANA MKIWA WAWILI

Ni jambo gani katika ndoa yetu tunaliacha kwa kuogopa maneno ya watu? Je, riziki yetu inatuwezesha kupiga magoti pamoja bila mmoja kuona haya? Ni nani kati yetu huachwa nyumbani siku ya Misa, na yule mwingine humletea nini akirudi?

TUSALI

Ee Mungu Baba yetu, ulimpa Mtakatifu Matia Mulumba moyo wa kuipenda nyumba yake kwa haki na kukutumikia katika kazi za kila siku. Uzitazame ndoa zetu. Uwape waume ujasiri wa kusali mbele ya wake zao na watoto wao. Uwape wake uvumilivu na furaha. Uwakumbuke wajane, na wale walioachwa, na wale ambao mwenzao hataki kusali. Utupe leo nguvu ya leo, na kesho nguvu ya kesho, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Matia Mulumba, utuombee.